Mstari uliorudiwa mara kumi: jinsi ya kusoma matangazo ya magazeti ya enzi za Malkia Victoria

Swali: "Ninafundisha historia sekondari. Nimepata mtandaoni kurasa za magazeti ya London, nyingine za miaka ya 1850, nyingine za miaka ya 1880 na kuendelea. Baadhi ni vipande vilivyokatwa, havina tarehe. Kurasa za zamani zina matangazo matupu hadi ukurasa wa kwanza, herufi ndogo kama chenga za mchele, hakuna picha, na tangazo moja linarudia mstari uleule mara kumi. Za baadaye zina picha za sabuni na majiko zinazojaza nusu ukurasa. Kwa nini tofauti hii? Je, vijiko vya nickel silver ni fedha kweli? Bei nizisomeje, na tarehe niipateje pale ambapo haipo?"

Jibu: Mwalimu, tuanze na ule mstari uliorudiwa, maana ukishauelewa huo umeelewa nusu ya ukurasa. Si kosa la mchapaji. Magazeti makubwa ya asubuhi, The Times likiwa mbele, hayakumruhusu mtangazaji kuvuka mipaka ya safu yake, wala kutumia herufi kubwa kupita ile moja ya mwanzo wa tangazo. Alichoruhusiwa kununua ni mistari. Basi mwenye fedha alinunua mistari kumi, akaandika jina la duka lake mara kumi, moja chini ya jingine, ili jicho la msomaji linase. Wengine walikuwa wajanja zaidi: walipanga herufi ndogo ndogo mpaka zikaunda umbo la herufi moja kubwa, inayoonekana ukilishika gazeti mbali kidogo. Sheria ya gazeti haikuvunjwa, na tangazo lilionekana.

Katazo hilo lilikuwa na sababu za nafasi na za haki kati ya wateja, lakini lilikuwa pia na sababu ya chuma. Mwaka 1848 The Times lilifunga mashine ya Augustus Applegath, ambayo herufi za risasi zilipangwa juu ya pipa kubwa lililosimama wima na kuzunguka. Kilichozishika zisichomoke ni zile fito nyembamba za chuma unazoziona zimechapwa kama mistari ya wima kati ya safu na safu. Ukikata fito upitishe tangazo pana, umelegeza herufi za ukurasa mzima. Baadaye magazeti yalianza kumimina kila ukurasa kama bamba moja la risasi lililopindwa, na hatari hiyo ikaisha. Desturi haikuisha. Ndiyo maana unaweza kukuta gazeti la 1880 lina mashine ya kisasa na sura ya 1850.

Ukurasa wa kwanza nao ulikuwa wa matangazo kwa sababu ya ratiba ya usiku. Karatasi moja kubwa ikikunjwa hutoa kurasa nne: ya 1 na ya 4 ziko upande mmoja, ya 2 na ya 3 upande wa pili. Upande wa nje ulichapwa mapema jioni, na matangazo yalikuwa yameshafika. Upande wa ndani ulisubiri hotuba za bungeni na habari za mwisho. Kwa hiyo msomaji wa wakati ule alilifungua gazeti ndipo apate habari, na hakuona ajabu yoyote. The Times liliendelea hivyo hadi 3 Mei 1966.

Sasa kodi. Hapa usipite haraka, kwa kuwa ndiyo iliyoamua nani atangaze na nani anyamaze. Tangu 1712 serikali ya Uingereza ilitoza kila tangazo ushuru wake. Kufikia 1833 ushuru huo ulikuwa umepanda hadi shilingi 3 na peni 6 kwa tangazo moja. Mwaka huo ukashushwa kuwa shilingi 1 na peni 6. Mwaka 1853 ukafutwa kabisa. Angalia ubaya wake: ulikuwa sawa kwa tangazo la mistari mitatu na kwa tangazo la safu nzima. Chukua mtumishi wa ndani anayetafuta kazi, mshahara wake pauni 12 kwa mwaka pamoja na chakula na malazi. Ushuru wa shilingi 1 na peni 6 peke yake ulikuwa mshahara wake wa zaidi ya siku mbili, kabla gazeti halijadai malipo yake. Mwenye kiwanda cha taa hakuuhisi. Gazeti lenyewe nalo lilibeba mhuri wa kodi: peni 4 kwa nakala hadi 1836, kisha peni 1, hadi 1855. Ukiona mhuri mwekundu kwenye pembe ya ukurasa wa miaka hiyo, ndio huo. Ushuru wa karatasi ulifuata kaburini mwaka 1861. Kwa miaka minane tu, tangazo, gazeti na karatasi vyote vilipunguziwa mzigo. The Daily Telegraph, lililoanza 1855, lilishuka bei hadi peni moja mwaka uleule, likafika mikononi mwa makarani na wenye maduka madogo. Muuza majiko alipata wasomaji ambao baba yake hakuwahi kuwaota.

Kuhusu picha, magazeti ya kila wiki yalitangulia. The Illustrated London News lilianza tarehe 14 Mei 1842 kwa bei ya peni 6, na picha zake zilichongwa kwenye mti. Mti wenyewe huitwa boksi (boxwood kwa Kiingereza), mgumu na wenye chembe zilizobanana, ulioletwa kwa wingi kutoka Uturuki. Ulikatwa kwa kukingama, ili mchongaji afanye kazi juu ya uso unaoonyesha pete za mti, si ubavuni. Uso ulipakwa rangi nyeupe, picha ikachorwa kinyume, kisha kila kinachotakiwa kuwa cheupe kikachimbwa kwa patasi nyembamba. Kibao kilikuwa na kimo kilekile cha herufi za risasi, yapata milimita 23, kwa hiyo picha na maneno vilichapwa kwa pigo moja. Shina la boksi ni jembamba, hivyo picha kubwa iliunganishwa kwa vibao vidogo vilivyokazwa kwa nati na kugawiwa wachongaji kadhaa. Tazama picha zako vizuri: ukiona unywele mweupe ulionyooka unakata jiko au injini katikati, hapo vibao viliachana.

Kibao cha mti hakikupelekwa mashineni moja kwa moja kama kazi ilikuwa kubwa. Kingepasuka au kusagika. Kilikandamizwa kwenye nta ili kuacha umbo lake, nta ikapakwa unga wa grafaiti ipitishe umeme, ikatundikwa ndani ya maji ya salfeti ya shaba pamoja na bamba la shaba, na mkondo wa umeme ukawashwa. Ngozi nyembamba ya shaba ikaota juu ya nta. Ikabanduliwa, ikajazwa risasi mgongoni, ikarandwa, ikapigiliwa kwenye ubao hadi ifikie kimo cha herufi. Kiwanda kilitengeneza nakala nyingi hivyo na kuzituma kwa magazeti ya Leeds, Bristol na Dublin. Ndiyo maana picha ya jiko moja huonekana vilevile, na mkwaruzo uleule, katika miji mitano na kwa miaka kumi na tano. Bei chini yake hubadilika, jiko halizeeki.

Na hapa ndipo vijiko vyako vinapoingia, kwa sababu umeme uliozaa picha ndio huohuo uliozaa bidhaa. Mwaka 1840 kampuni ya Elkington ya Birmingham ilipata hataza (patent, haki ya pekee ya mvumbuzi) ya kupaka fedha kwa umeme. Kabla ya hapo, asiyemudu fedha tupu alinunua vyombo vya Sheffield, ambavyo bamba la shaba lilibanwa kati ya mabamba membamba ya fedha kwa moto na kinu. Elkington waligeuza utaratibu: chombo kilitengenezwa kwanza, kikamilika, ndipo kikachovywa.

Nickel silver haina fedha hata chembe. Ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli. Nikeli ndiyo inayoufanya uwe mweupe. Kwetu neno fedha lina mashaka ya kutosha, maana ni madini na ni hela pia, kwa hiyo unapowafafanulia wanafunzi sema "nikeli nyeupe" na uepuke neno fedha mpaka ufike kwenye ngozi ya juu. Ukiona herufi EPNS, maana yake ni hiyo nikeli nyeupe iliyopakwa fedha kwa umeme.

Kazi ilifanyika hivi. Uma ulichemshwa kwenye maji makali ya magadi kuondoa mafuta, ukasuguliwa kwa mchanga laini, ukachovywa kidogo katika maji yenye zebaki ili fedha ishike, kisha ukatundikwa katika beseni la sianidi ya fedha, ukikabiliana na bamba la fedha safi. Ulipimwa uzito kabla na baada, na tofauti ndiyo fedha iliyokaa. Mwisho ukang'arishwa kwa chuma laini na jiwe. Alama ya kidole cha mafuta ikibaki, ngozi itavimba na kubanduka. Umeme ukizidi, uso unakuwa na chembe kama uji ulioungua. Fundi akibana fedha, chombo kinaonekana kizuri dukani, kisha kinachakaa pale kijiko kinapogusa meza kwa mgongo na kwenye ncha za uma. Sehemu iliyochakaa ikionyesha wekundu, ndani ni shaba. Ikionyesha weupe uliofifia kuelekea manjano, ndani ni nikeli. Wauzaji waliipenda nikeli kwa sababu hiyo: aibu yake haionekani upesi.

Mfano ambao wanafunzi wako watakutana nao mara nyingi katika kurasa za miaka ya 1850 ni William S. Burton wa 39 Oxford Street, London. Aliita bidhaa yake mbadala kamili wa fedha, nikeli halisi iliyopakwa kwa njia ya hataza ya Elkington. Msome taratibu. Hakusema ni fedha. Neno "halisi" linakaa na nikeli, si na fedha, na jicho lenye haraka halitambui. Chini huja jedwali: uma na vijiko vya mezani, vya matunda na vya chai, kwa dazeni, na bei tatu kwa kila mstari. Bei hizo tatu hufuata nakshi ya mpini. Wa kwanza ni ule wa umbo la fidla, ambao ni rahisi. Wa pili una uzi pembezoni. Wa tatu ni wa Mfalme, wenye makombe na majani. Nakshi ikiongezeka bei inapanda hata kama fedha juu yake haikuongezeka. Mnunuzi makini aliuliza dukani wakia ngapi za fedha zimekaa kwenye dazeni, na jedwali halikumjibu. Maneno kama "iliyopakwa kwa nguvu" au A1 yalikuwa ya mwenye duka, hayakuwa kipimo cha sheria. Fedha tupu ya Uingereza ilipigwa mihuri, mmoja wapo simba anayetembea, na ilikuwa na sehemu 925 za fedha katika 1000. Vyombo vya kupaka vilipigwa herufi ndani ya visanduku vilivyopangwa mstari ili kwa mbali vifanane na mihuri hiyo.

Bei sasa. Pauni 1 ni shilingi 20, shilingi 1 ni peni 12, na peni huandikwa d kutokana na dinari ya Kirumi. Waambie wanafunzi wasilinganishe na shilingi yetu: ya Afrika Mashariki ilipokuja mwaka 1921 ilikuwa na senti 100 tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo 7s. 6d. ni shilingi saba na nusu, si saba na sitini katika mia. Gini ni shilingi 21. Sarafu yake iliacha kupigwa mwaka 1814, lakini bei za vitu vya fahari, piano, saa, ada za daktari, ziliendelea kutajwa kwa gini. Piano ya gini 25 inasikika kama pauni 25. Mteja alilipa pauni 26 na shilingi 5. Ukitaka darasa lihisi bei, igeuze kuwa siku za kazi. Tuseme dazeni ya uma ni shilingi 38. Yule mtumishi wa pauni 12 kwa mwaka anapata shilingi 240, kwa hiyo dazeni hiyo ni mshahara wake wa siku 58, na ndiye anayeisugua kila jioni.

Ukikutana na 1s. 1½d., karibu kila mara uko kwenye dawa za vidonge au mafuta ya kupaka. Ile peni moja na nusu ni mhuri wa kodi ya dawa kwa bidhaa isiyozidi shilingi moja. Kopo kubwa lilikuwa 2s. 9d., ambapo peni 3 ni kodi. Wauzaji walitangaza mhuri huo kama heshima, na wanunuzi wengi wakadhani serikali imeipima dawa, hadi ikabidi maandishi yawekwe kwenye mhuri wenyewe kwamba serikali haidhamini kitu.

Bidhaa za viwandani zina lugha yake, na hapa gazeti la kila siku ni mahali pabaya pa kuanzia. Tafuta The Mining Journal, lililoanza 1835, The Engineer la 1856, na safu za minada katika magazeti ya mikoani, ambamo mashine kuukuu za viwanda vilivyofilisika ziliuzwa. Tangazo la injini ya mvuke ya kuvutwa na farasi, kwa mfano ya Clayton & Shuttleworth wa Lincoln au Ransomes wa Ipswich, mara nyingi halikutaja bei. Lilikuwa na picha ndogo, jina, mji, orodha ya tuzo, na ahadi ya kutuma orodha ya bei kwa posta. Kilichouzwa na tangazo ni ile orodha; injini iliuzwa kwa barua, au kwenye maonyesho ya kilimo.

Mtego mkubwa ni nguvu. Injini ya "farasi 8" ilipimwa kwa nguvu-farasi ya jina, iliyokokotolewa kwa ukubwa wa silinda kana kwamba shinikizo la mvuke ni lile dogo la zamani. Boila zikaimarika, shinikizo likapanda, jina likabaki. Injini ya miaka ya 1870 ingeweza kutoa mara mbili, tatu, hata zaidi ya namba yake. Wanafunzi wakijumlisha namba za matangazo kupata nguvu ya viwanda vya wilaya, jibu litakuwa dogo mno. Tazama pia bei, ikitajwa, ni ya wapi: ya mlangoni mwa kiwanda au ya stesheni ya mteja. Kwa kitu chenye uzito wa tani kadhaa, tofauti si ndogo.

Kasiki, yaani masanduku ya chuma ya kuhifadhia vitabu vya hesabu, ndizo zilizotangazwa kwa ustadi kuliko zote, kwa maoni yangu, kwa kuwa zilitangaza ushahidi. Milner wa Liverpool alichoma kasiki zake hadharani na kuchapa barua za wenye maduka ambao daftari zao zilipona. Zilifanya kazi kwa kuta mbili zilizojazwa chumvi kama shabu, ambayo fuwele zake zimebeba maji. Moto ukipanda, maji hutoka kama mvuke na kuzuia ndani kusipate joto la kuunguza karatasi. Udhaifu wake tangazo halikuusema: unyevu huo huo hula chuma kwa kutu, na kasiki iliyokwisha kuungua mara moja haina maji tena ya kuokoa mara ya pili. Kwa kufuli, mwaka wa kukumbuka ni 1851, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alipofungua kufuli la Chubb lililodaiwa halifunguki, kisha la Bramah lililokaa dirishani miaka mingi na zawadi ya gini 200. Hilo la Bramah lilimchukua saa 51 za kazi. Baada ya hapo hakuna neno "haifunguki" lililosomwa bila swali.

Je, ahadi ya tangazo ilikuwa na nguvu ya sheria? Jibu limo katika kesi ambayo wanafunzi wa sheria Dar es Salaam, Nairobi na Kampala huisoma hadi leo. Tarehe 13 Novemba 1891 The Pall Mall Gazette lilichapa tangazo la Carbolic Smoke Ball, kifaa cha mviringo kama mpira, cha kuvuta unga wa dawa puani, bei shilingi 10. Liliahidi pauni 100 kwa yeyote atakayekitumia mara tatu kwa siku kwa wiki mbili kama ilivyoelekezwa, kisha akaugua mafua makali, na likasema pauni 1,000 zimewekwa benki kuonyesha nia. Mnunuzi mmoja, Bi Carlill, alikitumia kuanzia 20 Novemba hadi 17 Januari 1892, akaugua, akaishtaki kampuni. Kampuni ikajitetea kuwa hayo yalikuwa majigambo ya biashara tu. Mahakama ya Rufani ilikataa mwezi Desemba 1892, na zile pauni 1,000 za benki ndizo zilizowafunga: mtu anayejigamba tu haweki amana. Soma matangazo ya kabla ya hapo na ya baada ukilinganisha maneno ya dhamana.

Tarehe ya kipande kisicho na tarehe hupatikana kwa kuuliza: ni jambo gani humu lisingeweza kuandikwa kabla ya mwaka fulani? Anza na anwani. Herufi za wilaya za posta za London, E.C., W.C. na wenzake, zilianza 1857 na 1858. N.E. ilifutwa 1866 na S. peke yake 1868, kwa hiyo duka lenye S. baada ya jina la mtaa limekubana ndani ya miaka kumi hivi. Nenda kwenye medali za maonyesho ya kimataifa ambazo wauzaji walizitaja: London 1851, Paris 1855, London 1862, Paris 1867, Vienna 1873, Philadelphia 1876, Paris 1878. Medali ya mwisho kutajwa ndiyo sakafu yako, tangazo haliwezi kuwa la kabla yake. Njia ya malipo: stempu za posta zilitumika kama chenji tangu miaka ya 1840, lakini "postal order" (hati ya malipo ya posta) ni ya kuanzia 1 Januari 1881. Vifurushi vya posta, 1 Agosti 1883. Alama ya biashara iliyosajiliwa, 1876 na kuendelea. Sabuni ya Sunlight haiwezi kuwa ya kabla ya 1884. Umbo lililosajiliwa lenye alama ya almasi ni la kati ya 1842 na 1883. Likiwa na namba baada ya Rd. (kifupi cha Registered, yaani limesajiliwa), ni la 1884 au baadaye. Hataza ilidumu miaka 14, na hapa uwe mwangalifu, kwa sababu wauzaji waliendelea kuandika "patent" baada ya muda kwisha. Tafuta ushahidi wa aina mbili kabla ya kuandika mwaka ubaoni, na usiamini picha kamwe, kwa sababu ya zile nakala za shaba.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi moja kwa moja, na vitabu vya shule hulipita. Visu vya mezani katika matangazo hayo vina mipini ya pembe za ndovu. Piano zina vibao vya pembe. Mabehewa ya farasi yanasifiwa kwa vanishi ya sandarusi. Pembe nyingi laini, zilizopendwa kwa vibao vya piano na vitana, zilipitia Zanzibar, zikiwa zimebebwa mabegani kutoka bara. Sandarusi ilichimbwa ardhini katika mrima, nyuma ya Bagamoyo na Kilwa. Tangazo lilitaja Sheffield na London. Mpagazi na mchimbaji hawakuwamo. Ukiweka tangazo la visu kando ya ramani ya njia ya Ujiji, darasa litaelewa biashara ya karne ile kwa dakika kumi.

Nitasema wazi pia kuhusu sabuni. Thomas J. Barratt wa kampuni ya sabuni ya Pears ndiye aliyenunua mchoro wa John Everett Millais wa 1886, mtoto anayepuliza mapovu, akaongeza kipande cha sabuni na kuufanya tangazo. Kampuni hiyohiyo ilichapa miaka ya 1880 picha za mtoto mweusi anayeogeshwa na kutoka mweupe. Usiwaonyeshe wanafunzi kwa kuwashtukiza. Waeleze kwanza kwamba picha hizo zilichapwa katika miaka ileile Ulaya ilipokuwa inaigawana Afrika, na kwamba ziliuza sabuni kwa Waingereza kwa kuwapa wazo la kuwa wao ndio kipimo cha usafi. Kisha waache wazitazame na waseme wanachokiona.

Mwisho, mambo mawili ya utafutaji yatakayokuokoa siku nzima. Magazeti mengi yaliandika pauni kwa l ndogo baada ya namba: 5l. 10s. ni pauni 5 na shilingi 10. Kompyuta inayosoma kurasa hizi huigeuza l kuwa 1, na jiko la pauni 5 linakuwa la 51. Ukiona bei ya ajabu, fungua picha ya ukurasa wenyewe. Na ukipekua majarida ya kila wiki au ya kila mwezi ukashangaa matangazo yako wapi, kosa ni la wafunga vitabu: matangazo yalikuwa kwenye majalada ya rangi na kurasa za nyongeza, ambazo zilichanwa na kutupwa toleo lilipofungwa kuwa kitabu cha mwaka. Omba maktaba ikuonyeshe matoleo ambayo hayajafungwa, yenye jalada lake la awali.